Lincoln wa darasani na Kahama wa kwetu

Jumamosi moja nilikwenda Muleba kumsalimia baba mkubwa. Nilipanda gari asubuhi pale stendi ya Bukoba, tukapita Kemondo na Muhutwe, na kabla jua halijawa kali nilikuwa nimekaa chini ya mwembe wake na kikombe cha kahawa mkononi. Mjukuu wake alikuwepo. Yuko kidato cha sita, mchepuo wa HGL, na alikuwa anahangaika na zoezi la History ya pili: maisha ya Abraham Lincoln, wakili aliyegeuka mwanasiasa.

"Baba mdogo, wewe si mwandishi wa habari? Nisaidie basi," akaniambia.

Nikamwambia anieleze kwanza anachokijua. Wadau, kijana alimwaga! Lincoln alizaliwa Kentucky mwaka 1809 kwenye kibanda cha magogo. Shule aliyokaa ukijumlisha yote haifiki mwaka mmoja. Akauza duka, akawa mtunza posta, akaazima vitabu vya sheria akajisomea mwenyewe, mwaka 1836 akapata leseni ya uwakili. Wakati huo tayari alikuwa kwenye bunge la jimbo la Illinois. Akaenda kwenye Bunge la nchi kwa kipindi kimoja, 1847 hadi 1849, akarudi ofisini kwake Springfield kuendelea na kesi zake, na mwaka 1860 akachaguliwa Rais. Vita, tangazo la kuwaachia huru watumwa la Januari 1, 1863, risasi ya Aprili 1865. Yote kichwani, bila kuchungulia daftari.

Nikamuuliza: na George Kahama ni nani?

Akafikiri kidogo. "Si ni yule Sir?"

Baba mkubwa akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Sikucheka sana, maana mimi mwenyewe nikiwa kidato cha sita nisingejibu zaidi ya hapo. Nilikuwa najua "Sir" tu, na nilidhani kama wengi wanavyodhani kwamba Malkia wa Uingereza ndiye aliyempa. Si kweli. Cheo kile kilikuwa cha Kanisa Katoliki, kimetoka kwa Papa. Usishangae: hii ndiyo kona ya nchi iliyomtoa Laurean Rugambwa, Askofu wa Rutabo hapa hapa Muleba, aliyefanywa Kardinali na Papa Yohane XXIII mwaka 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza kupata wadhifa huo katika nyakati hizi. Kwa hiyo kabla nchi haijapata bendera yake, Bukoba na Muleba zilikuwa tayari na simu ya moja kwa moja Roma. Wahaya mnaosoma hapa, najua mnatabasamu. Nshomile!

Turudi kwenye zoezi la kijana, maana lilinikaa kichwani njia nzima ya kurudi mjini. Wakili aliyegeuka mwanasiasa. Kwa Wamarekani hilo ni jambo la kawaida kabisa. Kwetu je? Kwa nini kizazi chetu cha kwanza cha wanasiasa hakikutoka mahakamani?

Jibu la haraka ni kwamba mawakili Waafrika karibu hawakuwepo. Kumbuka kesi ya Nyerere ya mwaka 1958, ile ya kuwakashifu maofisa wa serikali katika gazeti la TANU. Aliyemtetea alikuwa D.N. Pritt, ametoka Uingereza, akisaidiwa na mawakili wa hapa wenye asili ya Asia, M.N. Rattansey na K.L. Jhaveri. Nyerere akapigwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, faini ikalipwa. Kiongozi wa chama kikubwa kuliko vyote Tanganyika, na hakuwa na wakili Mwafrika wa kusimama upande wake! Ndiyo maana chuo kikuu chetu kilipofunguliwa Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14. Wakoloni hawakuwa na haraka ya kutufundisha sheria. Mtu anayejua sheria anauliza maswali mabaya.

Sasa kama hakukuwa na mawakili, wanasiasa wa Kagera walitoka wapi? Walitoka kwenye mizani ya kahawa.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Mkahawa wa robusta uko huku tangu enzi za wafalme, watu walikuwa wanatafuna buni na kufanyia undugu wa damu kabla Mzungu hajajua zinauzwa. Wakoloni walipoigeuza kuwa zao la fedha, wanunuzi wakawa ndio wanaopanga bei, na mkulima akawa mtu wa kupokea tu. Katika miaka ya 1930 Klemens Kiiza na wenzake wakaanzisha chama cha wakulima Waafrika wapate kukoboa na kuuza wenyewe. Serikali haikupenda. Zikaja kanuni za kumlazimisha mkulima jinsi ya kutunza mikahawa yake, na mwaka 1937 Bukoba ikalipuka: mikutano, vurugu, polisi, watu ndani. Chama kikazimwa. Lakini wazo halikufa. Mwaka 1950 ukasajiliwa muungano wa vyama vya ushirika, BNCU, babu wa KCU tunayoijua leo.

Huko ndiko alikopitia Clement George Kahama. Alizaliwa mwaka 1929. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa Loughborough, Uingereza, akisomea ushirika. Fikiria kijana wa miaka ishirini na kitu kutoka upande huu wa ziwa, kwenye baridi ile, anajifunza kufunga vitabu vya hesabu, kukagua mizania, kuendesha mkutano mkuu wa wanachama. Aliporudi akashika umeneja wa BNCU. Umeneja ule haukuwa kazi ndogo. Muungano ulikuwa na fedha, magari na maghala, na wanachama vijiji vyote, na kila mwanachama alikuwa na swali moja: bei ni shilingi ngapi? Ukiweza kusimama mbele ya wakulima wa kahawa ukaeleza kwa nini malipo ya pili yamechelewa, ukatoka mzima, wewe ni mwanasiasa tayari. Lincoln alijifunza kusema na watu mbele ya wazee wa baraza katika mahakama za vijijini Illinois. Kahama alijifunzia kwenye mikutano ya mizani.

Kutoka hapo mambo yakaenda mbio. Akaingia Baraza la Kutunga Sheria. Ukaja ule uchaguzi wa ajabu wa awamu mbili, 1958 na 1959, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Julai 1959 serikali ya kikoloni ikakubali kuingiza mawaziri kutoka miongoni mwa wajumbe waliochaguliwa. Walikuwa watano: Chifu Abdallah Fundikira, Solomon Eliufoo, Derek Bryceson, Amir Jamal na Kahama, aliyepewa wizara ya maendeleo ya jamii na ushirika. Hakuwa ametimiza miaka 30. Siku ya uhuru, Desemba 9, 1961, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Baadaye akahamia Biashara na Viwanda.

Haya, mpaka hapo hadithi inafanana na ya Lincoln: mtu wa kawaida, taaluma, watu, kura, madaraka. Kuanzia hapa zinaachana, na hapa ndipo penye utamu.

Lincoln alipomaliza kipindi chake Bungeni mwaka 1849 alirudi nyumbani akiwa amefubaa kisiasa. Alipinga vita vya nchi yake dhidi ya Mexico na wengi jimboni kwake hawakumpenda kwa hilo. Lakini alikuwa na mahali pa kurudi! Ofisi yake Springfield, mshirika wake William Herndon, wateja wake, wakubwa kwa wadogo, mpaka kampuni ya reli ya Illinois Central. Alikula kwa kazi ya mikono yake miaka yote ile, akasoma, akafikiri, na suala la utumwa lilipochemka upya mwaka 1854 akarudi jukwaani bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwaka 1858 akashindwa useneta na Stephen Douglas. Akarudi tena ofisini. Miaka miwili baadaye akawa Rais.

Kahama hakuwa na ofisi ya Springfield. Angerudi wapi? Baada ya uwaziri akawa balozi Ujerumani Magharibi. Kisha akarudishwa kuongoza NDC, Shirika la Maendeleo la Taifa, na akiwa hapo Azimio la Arusha likatangazwa, Februari 1967. Siku chache tu, na viwanda na makampuni yaliyotaifishwa yakaanza kumiminika kwenye meza ya NDC. Wale mnaopenda kusema ujamaa uliendeshwa na washairi, kumbukeni kwamba kulikuwa na watu kama huyu waliokesha na vitabu vya hesabu.

Mwaka 1973 TANU ikaamua makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na mkurugenzi mkuu wake wa kwanza akawa Kahama. Mpango ulikuwa wa miaka 10. Washauri kutoka Toronto wakachora mji. Ila fedha! Mafuta yalikuwa yamepanda bei dunia nzima, ukame ukapiga, na Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka na kujitangazia kwamba ardhi yote mpaka mto Kagera ni ya Uganda. Kwa hiyo sehemu ya fedha ambazo zingejenga mji wa mkurugenzi huyu kule Dodoma zilikuja kuwaka kama baruti mkoani kwake mwenyewe. Mkoa wenyewe, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukatoka kwenye vita ile na jina jipya la Kagera.

Lakini kuna tarehe moja ninayoiona nzito kuliko zote katika maisha yake, na haimtaji yeye. Ni Mei 14, 1976. Siku hiyo serikali ilivunja vyama vikuu vyote vya ushirika nchini. Muungano aliokuwa meneja wake, ule wa wazee wa Bukoba waliopigwa virungu mwaka 1937, ukafutwa kwa tamko. Kahawa ikapewa mamlaka ya serikali kununua na kuuza. Wakati huo meneja wa zamani alikuwa Dodoma, mteule wa Rais, anapima viwanja.

Nilimuuliza baba mkubwa anakumbuka nini kuhusu mwaka ule. Hakujibu. Akaingia ndani, akatoka na kibati cha biskuti kilichokwisha kutu, ndani yake karatasi zimekunjwa. Stakabadhi za kahawa ya maganda. Uzito, tarehe, sahihi ya karani. Nyingine zina alama ya tiki ya kalamu nyekundu, yaani alilipwa. Tano hazina.

"Hizi bado," akasema.

Sitataja ni chombo gani kilichokuwa na deni lile, na hakina maana tena. Lakini aliposema "bado" hakuwa anatania. Miaka karibu hamsini, na mzee bado anasubiri malipo ya pili.

"Kwa hiyo huyu Kahama wenu aliwatetea?" kijana akauliza.

"Mwanangu, mtu aliyepandishwa na mkono mmoja hawezi kuung'ata," baba mkubwa akajibu. "Migeyo angesema. Ila Migeyo alikuwa na duka lake."

Sentensi ile ilinifanya niweke kikombe chini. Ali Migeyo alikuwa mfanyabiashara wa Kamachumu, si mbali na tulipokuwa tumekaa. Elimu ya ng'ambo hakuwa nayo. Aliongoza African Association na baadaye TANU katika wilaya ya Bukoba, ambayo enzi hizo ilijumuisha Muleba, na mwaka 1953 polisi walivunja mkutano wake Kamachumu kwa mabomu ya machozi, watu walipokuwa wamekasirishwa na kanuni za kupambana na fukusi wa migomba. Mgomba kwa Mhaya ni nyumba yenyewe, si zao tu. Ukija na amri za kuuingilia unaingilia ukoo. Migeyo akafungwa. Gelase Mutahaba aliandika kitabu kidogo juu ya maisha yake, kikatoka mwaka 1969. Ukikiona mahali kishike, usikiachie.

Mzee wangu alikuwa anasema jambo ambalo vitabu vya kijana vinalipita haraka. Uhuru wa mwanasiasa kusema unategemea anakula wapi. Lincoln alikuwa na kesi zake, Migeyo duka lake. Kahama alikuwa na akili, elimu na uaminifu usio na doa, ila kila kazi aliyofanya baada ya ushirika ilitoka kwenye kalamu ya Rais. Baada ya 1967 hilo halikuwa kosa la mtu mmoja. Karibu kila mwenye elimu nchini alikuwa na mwajiri mmoja, na mwajiri huyo huyo ndiye chama, ndiye serikali, ndiye mwenye gazeti na mwenye nyumba unayolala. Ungemkosoa asubuhi, jioni ungelala wapi?

Simtetei na simhukumu. Nadhani alikuwa mtu wa kujenga vyombo, si wa kusimama juu ya meza na kupiga kelele, na nchi changa inahitaji wote wawili. Tatizo ni pale aina moja inapopewa vyeo na nyingine inapewa kibati cha biskuti.

Sehemu ya mwisho ya maisha yake inashangaza zaidi. Mwaka 1984 akapelekwa Beijing kuwa balozi, akakaa China mpaka 1989, miaka ile ile ambayo Wachina walikuwa wanafungulia soko bila kuvua nembo ya chama. Aliporudi, mwaka 1990, ilipitishwa sheria ya kuvutia uwekezaji, kikaundwa Kituo cha Kuendeleza Vitega Uchumi, na kiongozi wake akawa nani? Kahama! Yule yule aliyepokea makampuni yaliyotaifishwa sasa anawakaribisha wenye makampuni warudi. Wapo watakaocheka. Mimi naona ni mtu aliyepewa nafasi adimu ya kufungua mlango alioufunga mwenyewe, na kujua vizuri bawaba zake ziko wapi.

Kisha akarudi kwenye kura. Akawa Mbunge wa Karagwe, na mwaka 2000 Rais Mkapa akampa Wizara ya Ushirika na Masoko. Yaani zaidi ya miaka 40 baada ya uwaziri wake wa kwanza, wa ushirika, akarudishwa kwenye kiti kile kile akiwa na miaka 70. Hali aliyoikuta si ile aliyoiacha. Vyama vikuu vilirudishwa katika miaka ya 1980, KCU ikiwemo, na Karagwe wakajitenga na chama chao KDCU mwaka 1990. Mwaka 1989 mfumo wa dunia wa mgawo wa kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka, na katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Ushirika ukabaki na madeni, viongozi wengine na mikono mirefu, na mkulima ameingia kwenye butura: anauza kahawa ingali maua mtini kwa sababu mtoto anadaiwa ada. Chini ya wizara yake ikapitishwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2003, iliyokusudia kumrudishia mwanachama chama chake. Butura haikwisha. Mwaka 2018 serikali iliamuru kahawa yote ipite kwenye AMCOS, na usiku magunia yakaendelea kuvuka mpaka kwenda Uganda.

Alifariki Dar es Salaam Machi 12, 2017. Alikuwa mmoja wa mawaziri wa mwisho wa baraza lile la uhuru kutuaga. Miezi michache kabla, serikali ilikuwa imeanza kuhamia Dodoma kwa kweli, baada ya miaka zaidi ya 40. Miezi miwili baada ya kifo chake, Mei 15, 2017, Rais Magufuli akaivunja CDA.

Haya yote nilimweleza kijana chini ya mwembe, kwa mikono na kwa sauti, nikidhani nimemsaidia. Alikuwa ameandika kurasa mbili. Babu yake alikuwa anazirudisha stakabadhi kwenye kibati moja moja, zile tano akaziweka juu.

"Baba mdogo," kijana akaniambia huku anafunga daftari, "hii ni nzuri. Lakini kwenye mtihani watauliza Lincoln."